Vélocio: Mfanyabiashara wa hariri aliyeuza baiskeli kwa wapanda milima

MFANYABIASHARA wa hariri mwenye umri wa miaka 28, mwenye duka linalokwenda vizuri na wateja wa uhakika, hana sababu ya kuhangaika na chombo ambacho majirani wanakiona kuwa mchezo wa vijana. Lakini mwaka 1881, katika mji wa Saint-Étienne ulio kusini mashariki mwa Ufaransa, Paul de Vivie alinunua baiskeli yake ya kwanza. Miaka sita baadaye alikuwa ameachana na hariri na kufungua duka la baiskeli.

Wafaransa wengi hawamkumbuki kwa jina alilopewa na wazazi wake. Wanamkumbuka kwa jina la kalamu, Vélocio, ambalo alilitumia kutia saini makala zake kwa zaidi ya miaka 40. Hakuacha kiwanda kikubwa chenye jina lake wala hakushinda mashindano yoyote makubwa. Alichoacha ni jibu la swali ambalo hadi leo linamsumbua kila mtu mwenye fedha kidogo na mlima mbele yake: magurudumu gani yanunuliwe, na kwa bei gani, ili mtu wa kawaida apande bila kushuka na kusukuma?

Mtoto wa Provence katika mji wa utepe

De Vivie alizaliwa tarehe 29 Aprili 1853 katika mji mdogo wa Pernes-les-Fontaines, eneo la Provence, nchi ya mizeituni na jua kali. Alisoma vizuri, na mapenzi yake kwa vitabu vya Kigiriki na Kilatini hayakumtoka hata alipokuwa mzee. Lakini riziki aliitafuta katika biashara, na biashara ilimpeleka Saint-Étienne.

Mji huo ulikuwa na mambo matatu: makaa ya mawe, silaha na utepe wa hariri. Mafundi wake walizoea kukata chuma kwa vipimo vidogo sana kwa ajili ya bunduki na mashine za kufumia. Baadaye ujuzi huo huo uliufanya kuwa mmoja wa miji mikuu ya baiskeli nchini Ufaransa. Kwa hiyo de Vivie hakuwa na haja ya kutafuta mafundi mbali. Walikuwa mtaani kwake, wakisubiri kazi.

Baiskeli aliyoinunua mwaka 1881 ilikuwa ya mtindo wa zamani, yenye gurudumu kubwa mbele na dogo nyuma. Msomaji aliyeona picha zake atakumbuka jinsi mwendeshaji alivyokaa juu kama mtu aliyepanda farasi mrefu. Baiskeli hiyo haikuwa na mnyororo. Pedeli zilifungwa moja kwa moja kwenye gurudumu la mbele, kwa hiyo kila mzunguko mmoja wa miguu ulikuwa mzunguko mmoja wa gurudumu. Mwenye gurudumu la kipenyo cha mita 1.3 alisogea kama mita 4 kwa kila mzunguko, akipenda asipende, kwenye tambarare na kwenye mlima.

Hapo ndipo ilipozaliwa imani kwamba gurudumu kubwa ndilo lenye mwendo. Kwa baiskeli ile imani hiyo ilikuwa kweli kabisa. Mteja alipimwa urefu wa miguu na kuuziwa gurudumu kubwa kadiri miguu yake ilivyofika, kama mtu anavyopimwa suruali.

Safari ya Coventry

Mwaka 1885 Mwingereza John Kemp Starley alianza kutengeneza katika mji wa Coventry baiskeli iliyoitwa Rover. Ilikuwa na magurudumu mawili yanayokaribiana ukubwa, na mnyororo uliopeleka nguvu nyuma. Hiyo ndiyo mama wa baiskeli zote zinazobeba maziwa, mkaa na ndizi hivi leo.

De Vivie alikwenda Uingereza kujionea mwenyewe. Aliporudi alifanya uamuzi ambao mfanyabiashara yeyote mwenye familia angeulalia usiku mwingi: aliuza biashara ya hariri. Mwaka 1887 akafungua duka la kuagiza baiskeli kutoka Coventry, na mwaka huo huo akaanzisha jarida, Le Cycliste.

Jarida na duka vilisaidiana. Dukani alisikia malalamiko ya wateja, na jaridani aliyajibu. Alipojaribu kifaa kipya aliandika matokeo, yawe mazuri au mabaya, hata kama kifaa chenyewe kilikuwa kwenye rafu zake. Huo si mtindo wa kawaida wa kuuza bidhaa, na ni vigumu kuamini kwamba haukumgharimu chochote. Lakini wasomaji walijua kwamba anayewaambia ni mtu aliyekwenda barabarani kwanza.

Mwaka 1889 aliacha kutegemea Waingereza peke yao na kutoa baiskeli yake mwenyewe, iliyoitwa La Gauloise. Ilikuwa miongoni mwa baiskeli za mwanzo za mnyororo zilizobuniwa Ufaransa.

Mlima ulio nyuma ya duka

Kutoka Saint-Étienne barabara ya kusini inaanza kupanda karibu mara tu mtu anapoacha nyumba za mwisho. Ni kilometa zipatazo 13 hadi kwenye kilele cha Col de la République, mita 1,161 juu ya usawa wa bahari. Upande wa pili barabara inateremka hadi bonde la mto Rhône, na kutoka hapo inaelekea Provence, alikozaliwa de Vivie. Kila alipotaka kwenda nyumbani kwao, mlima huo ulikuwa mlangoni.

Akawa anaupanda mara kwa mara, kwa baiskeli moja baada ya nyingine, akibadilisha kitu kimoja kila safari na kupima muda. Mlima ukawa mizani yake, kama vile mkulima anavyotenga kipande kimoja cha shamba kujaribia mbegu.

Kilichomshangaza ni hiki. Baiskeli mpya ilikuwa na mnyororo, na mnyororo ulikuwa umeachanisha mambo mawili ambayo zamani yalikuwa kitu kimoja: ukubwa wa gurudumu na umbali unaosogea kwa mzunguko mmoja wa pedeli. Sasa umbali huo uliamuliwa na meno ya sproketi ya mbele na ya nyuma. Gurudumu lilibaki na kazi ya kubeba mzigo na kupita juu ya mawe. Hata hivyo, wanunuzi na watengenezaji waliendelea kulipia magurudumu makubwa na membamba, na kuweka gia moja tu, kana kwamba hakuna kilichobadilika.

Msomaji anaweza kuifanya hesabu hiyo mwenyewe kwenye baiskeli iliyo uani. Hesabu meno ya sproketi ya mbele, gawanya kwa meno ya nyuma, kisha zidisha kwa mzunguko wa tairi. Baiskeli ya kawaida ya mizigo yenye gurudumu la inchi 28 ina mzunguko wa kama mita 2.2. Ikiwa mbele kuna meno 44 na nyuma 18, kila mzunguko wa pedeli unaisogeza mita 5.4.

Sasa chukua mlima unaopanda mita 8 katika kila mita 100. Mtu wa kawaida, yeye na baiskeli yake wakiwa na kilo 80, akitumia nguvu ambayo anaweza kuistahimili kwa saa nzima, atakwenda kama kilometa 8 kwa saa, yaani mita 133 kwa dakika. Kwa gia ya mita 5.4 itambidi azungushe pedeli mara 25 hivi tu kwa dakika, na kila mzunguko utakuwa wa kusimama na kukamua goti. Kwa gia ya mita 2.2 atazungusha mara 60, akiwa amekaa na kupumua. Nguvu ni ile ile na mwendo ni ule ule, lakini wa kwanza atashuka na kusukuma baada ya dakika chache.

De Vivie aliyaona haya kwa magoti yake mwenyewe. Hakuwa kijana wala mwanamichezo wa kulipwa, na wateja wake pia hawakuwa hivyo.

Kwanza aliweka sproketi mbili za ukubwa tofauti mbele. Mwendeshaji alishuka chini ya mlima, akauhamisha mnyororo kwa mkono kutoka kubwa kwenda ndogo, akapanda tena. Ilichafua mikono, lakini ilifanya kazi. Baadaye aliongeza nyingine upande wa pili wa baiskeli. Alijaribu pia mitambo ya Kiingereza ya gia, na alipenda kujua kipi kinakula nguvu kwa msuguano na kipi hakili. Kutoka katika mduara wake huo wa Saint-Étienne, fundi Joanny Panel alitoa kifaa cha kuhamisha mnyororo kilichoitwa Le Chemineau, miaka michache kabla ya vita vya 1914. Kwa kifaa hicho gia ilibadilishwa bila kushuka.

Tairi nene dhidi ya tairi nyembamba

Watu wengi wanaomtaja Vélocio huishia kwenye gia. Lakini ubishi wake wa magurudumu ulikuwa mkali vile vile, na pengine ndio wenye faida zaidi kwa mwenye mfuko mdogo.

Tairi la upepo lilibuniwa na John Boyd Dunlop huko Belfast mwaka 1888. Mwaka 1891 ndugu wa Michelin walileta tairi linaloweza kutolewa na kuzibwa pancha njiani. Baada ya hapo wakimbiaji walianza kutaka tairi jembamba zaidi, lililojazwa upepo hadi likawa gumu kama ubao, na wanunuzi wa kawaida wakawaiga. Ilionekana wazi kwa kila mtu kwamba kilicho chembamba na kigumu ndicho chepesi kwenda.

Kwenye uwanja laini wa mashindano hilo lina ukweli wake. Lakini barabara za milimani za wakati huo zilikuwa za changarawe na mawe. Tairi gumu linapogonga jiwe linairusha baiskeli nzima juu, pamoja na aliyeipanda. Kila anaporushwa, sehemu ya nguvu aliyoitoa kwa miguu inapotea. Tairi nene lenye upepo wa wastani linalimeza jiwe na kuendelea mbele.

De Vivie akaenda mbali zaidi. Alijitengenezea baiskeli zenye magurudumu madogo, ya kipenyo cha kama sentimita 50, yenye matairi manene, akaziendesha maelfu ya kilometa. Hakuona kwamba zilimchelewesha kwa namna aliyotabiriwa na wakosoaji. Gurudumu dogo pia ni imara na jepesi, kwa kuwa ringi yake ni fupi na spoku zake ni fupi. Mwendo wake haukupungua kwa sababu gia ndiyo ilikuwa inatawala.

Wafuasi wake hawakuenda mbali kiasi hicho. Waendeshaji wa masafa marefu wa Ufaransa, miaka mingi baada yake, walitulia kwenye gurudumu la kati, wanaloliita 650B, lenye tairi nene kuliko la mashindano. Gurudumu hilo lilikaribia kusahaulika, kisha likarudi madukani duniani kote katika miaka ya 2000 na 2010. Hata baiskeli za mashindano, zilizokuwa na tairi za milimita 23 au pungufu kwa miaka mingi, sasa zinatoka kiwandani na tairi za milimita 28, 30 na zaidi.

Mwanamke mmoja juu ya Tourmalet

Ubishi wa dukani hauishi mpaka mtu aonyeshe. Nafasi ilipatikana mwezi Agosti 1902, chama cha wasafiri cha Touring-Club de France kilipoandaa majaribio ya baiskeli katika milima ya Pyrénées. Njia ilizidi kilometa 200 na ilipita Col du Tourmalet, kilele cha mita 2,115, ambacho hata leo kinaogopwa.

Miongoni mwa waliofika alikuwepo Marthe Hesse, mwanamke aliyeendesha La Gauloise yenye gia kadhaa. Walikuwepo pia wanaume wenye vifua na sifa, na baadhi yao walikuja na gia moja. Hesse alipanda milima yote bila kuweka mguu chini hata mara moja.

Siku hizi habari hiyo ingeuza baiskeli nyingi. Wakati ule ilimletea de Vivie mpinzani mkubwa kuliko wote. Henri Desgrange, mhariri wa gazeti la michezo ambalo mwaka uliofuata lilianzisha Tour de France, alisifu jaribio hilo lakini akaandika kwamba gia za kubadilisha ni za watu waliozidi umri wa miaka 45. Kwake yeye, kijana anashinda kwa misuli, na kumpa msaada wa chuma ni kumlegeza.

Kwa muuza baiskeli hilo lilikuwa pigo. Gazeti la Desgrange lilisomwa na maelfu, na mashindano yake ndiyo yaliyokuwa tangazo la biashara kwa kila kiwanda. Wakimbiaji wa kulipwa walikatazwa kutumia gia za kuhamisha mnyororo kwenye Tour de France. Waliofika chini ya mlima walishuka, wakafungua gurudumu la nyuma, wakaligeuza upande wenye sproketi kubwa, wakalifunga, na kilele kikishapita wakaligeuza tena. Wanunuzi waliiga walichokiona mashujaa wakifanya. Katazo hilo lilidumu hadi mwaka 1937, na mwaka huo huo mshindi, Roger Lapébie, alikuwa na kifaa cha gia. De Vivie alikuwa amefariki miaka saba kabla.

Mashindano yenyewe yalipita mlangoni kwake. Tour de France ya kwanza, mwaka 1903, ilipanda Col de la République kwenye hatua yake ya pili. Mwaka 1904 mashabiki wa mkimbiaji wa eneo hilo walivamia wapinzani wake usiku mlimani humo na kuwapiga. Haikuwa aina ya baiskeli ambayo de Vivie alitaka watu waijue.

Alichotaka yeye

Alichotaka ni safari. Anahesabiwa kuwa miongoni mwa waliolipa jina na heshima jambo la kusafiri kwa baiskeli kwa raha na kwa masafa marefu. Jumamosi alifunga duka, akaondoka usiku na marafiki wachache, wakaupita mlima gizani na kufika bondeni kunakucha. Wakati wa Pasaka alielekea Provence, na wengine wakamfuata. Desturi ya kwenda Provence wakati huo bado ipo.

Hakula nyama na aliipigia debe lugha ya Kiesperanto. Mambo hayo mawili yaliwafanya wengine wamwone mtu wa ajabu. Lakini kanuni zake saba za safari zinasomwa hadi leo, na hazina ajabu yoyote. Pumzika mara chache na kwa muda mfupi. Kula kabla njaa haijauma na kunywa kabla kiu haijaja. Usichoke kufikia kushindwa kula au kulala. Vaa nguo kabla baridi haijaingia, vua kabla joto halijazidi. Acha mvinyo, nyama na tumbaku wakati wa safari. Usijilazimishe, hasa saa za mwanzo. Na usiendeshe ili kuonekana.

Hiyo ya mwisho ndiyo iliyoharibu mifuko ya wanunuzi wengi wa magurudumu, wakati wake na sasa.

Vélocio angenunua nini leo?

Swali hilo si la mchezo. Katika nchi zetu vilabu vya baiskeli za mbio vinaongezeka, na mashindano ya dunia ya barabarani yaliyofanyika Kigali mwaka 2025, katika vilima vinavyojulikana kwa kila mwendeshaji wa Rwanda, yaliwafanya vijana wengi watamani baiskeli nyepesi. Muuzaji atawaonyesha kwanza magurudumu ya kaboni yanayong'aa, na atawaambia yatawapandisha mlima.

Hesabu ya Saint-Étienne inasema vingine. Chukua magurudumu mepesi kwa gramu 300 kuliko yale ya bei ya kati. Kwa mtu na baiskeli wenye jumla ya kilo 80, hizo ni chini ya nusu ya asilimia moja ya uzito unaopandishwa. Katika mlima wa saa nzima atatangulia kwa kama sekunde 13. Kwa mkimbiaji wa kulipwa sekunde 13 ni ushindi. Kwa mwalimu au mwenye duka anayepanda Jumapili, chupa ya maji aliyoijaza bila sababu ina uzito kuliko hizo.

Usemi kwamba gramu moja kwenye gurudumu ni sawa na gramu mbili kwenye fremu una ukweli wakati wa kuongeza mwendo ghafla. Kwenye mlima mrefu, ambako mwendo ni wa taratibu na haubadiliki sana, gramu ni gramu, popote ilipo.

Fedha hiyo hiyo ikiwekwa kwenye sproketi za nyuma inaleta tofauti inayosikika siku ya kwanza. Baiskeli ya mbio yenye meno 34 mbele na 32 nyuma inasogea kama mita 2.2 kwa mzunguko, ile ile ya hesabu ya juu. Kabla ya kulipa, mnunuzi amuulize fundi mambo mawili: kama habu ya gurudumu inapokea sproketi za aina hiyo, na kama kifaa cha kuhamishia mnyororo kinafikia meno makubwa kiasi hicho. Wengi hununua kwanza na kuuliza baadaye.

Gurudumu lenyewe, kwa mtu wa bei nafuu, ni lile lenye ringi ya alumini, spoku 28 hadi 32 za kawaida zinazopatikana kwa fundi wa mtaani, na habu inayoweza kufunguliwa na kutiwa grisi. Gurudumu lenye spoku chache za umbo la pekee linavutia dukani. Spoku moja ikikatika kilometa 60 kutoka mjini, mwenyewe atalibeba begani. Mzito wa mwili au mwenye mizigo aongeze spoku nyuma. Baiskeli zetu za mizigo zina 40 nyuma na 32 mbele, na hilo halikuwekwa kwa bahati.

Anayenunua gurudumu lililokwisha kutumika aangalie ukuta wa ringi pale breki inaposhika. Ukiwa umelika na kuwa na bonde, ringi hiyo imekaribia kupasuka. Alizungushe hewani kuona kama linayumba, kisha azibane spoku mbili mbili kwa vidole. Zinazolegea kuliko wenzake zinaashiria ringi iliyopinda na kuvutwa kwa nguvu.

Kuna pia kuteremka, ambako wanunuzi wa magurudumu ya mlimani hukusahau. Ringi ya chuma iliyopakwa kromu inapolowa mvua breki za mpira hushika vibaya sana, na ringi ya kaboni ya bei ya chini yenye breki za mpira inaweza kuharibika kwa joto kwenye mteremko mrefu. Alumini inashika vizuri kuliko zote mbili katika hali hizo, na ni nafuu.

Kisha tairi. Fremu ikiruhusu milimita 28 au 32, hiyo ndiyo ya barabara zenye viraka, na upepo usijazwe hadi mwisho wa namba iliyoandikwa ubavuni. Namba hiyo ni kikomo, wala si agizo.

Mwenye baiskeli ya mizigo ya gia moja naye hakusahauliwa na hesabu hii. Friwili ya meno 22 badala ya 18 inabadilisha mita 5.4 kuwa 4.4. Haitampandisha kila mlima, na kwenye tambarare atazungusha zaidi, lakini vilima vya kati ambavyo alikuwa anavisukuma na madumu mawili ya maziwa vitapandika. Itabidi aongeze pingili za mnyororo au asogeze gurudumu mbele kidogo.

Siku ya mwisho

De Vivie aliendelea kupanda mlima wake alipokuwa na miaka zaidi ya 70, akiandika muda wake bila kuficha kwamba ulikuwa unaongezeka. Mwaka 1922 marafiki na wasomaji wake walianzisha siku ya kumheshimu, ambapo watu wa rika zote hupanda kutoka Saint-Étienne hadi Col de la République. Yeye mwenyewe alishiriki akiwa hai.

Asubuhi moja ya Februari 1930, akiwa na miaka 76, alitoka nyumbani akielekea kazini. Alikuwa anavuka barabara kwa miguu huku akisukuma baiskeli yake. Gari lilimjia, akarudi nyuma kulikwepa, na tramu iliyokuwa inapita ikamgonga. Alifariki kutokana na ajali hiyo.

Jarida lake liliendelea kuchapishwa kwa miaka mingi mikononi mwa wengine. Kwenye kilele cha Col de la République pana mnara wa kumbukumbu yake kando ya barabara, na siku ya Vélocio, inayofanyika majira ya joto, bado inaleta wapandaji: watoto, wastaafu, na wachache wenye baiskeli za bei kubwa, wote wakipimwa muda kwenye zile kilometa 13.